Nyuma ya Mlango Kuna Nini?

Juzi nilipoteza ufunguo wa nyumba. Nimepanga hapa Changamwe, ghorofa ya pili, na mlango wangu ni wa chuma, wa kijani, kama milango mingine yote ya ploti hii. Nilimwaga mkoba wote ngazini, nikapekua, nikajilaani, mwishowe jirani akampigia fundi simu. Akaja kijana kwa pikipiki, begi mgongoni, akachuchumaa mbele ya mlango wangu bila hata kunitazama usoni. Kabla sijamaliza kurudisha vitu mkobani, mlango ulikuwa wazi. Harufu ya chuma kilichokwaruzwa ikanipanda puani, nami nikajikuta nina hasira ambazo kijana wa watu hakuzistahili.

"Mbona hukuniuliza kitu?" nikamwambia.

"Nikuulize nini, mathe?"

"Wajuaje kama hapa ni kwangu? Na kama mimi ni mwizi je?"

Akamtazama jirani, kisha akacheka. "Mathe, si umesema ni kwako? Sasa mimi nani nikubishie?"

Akaenda zake, na sina shaka huko alikokwenda alisimulia habari za mama mmoja wa Changamwe mwenye wazimu. Simlaumu. Niliingia ndani nikaketi kitandani na viatu vyangu, mchana kweupe, nikimfikiria fundi mwingine, wa Junda, wa siku za utoto wangu. Huyo alikuwa akiuliza. Hakufungua mlango wa mtu hata mmoja bila kuuliza kwanza. Akauliza na mbele ya wetu, nami nikajibu, na kwa jibu langu mama alinyang'anywa nyumba.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Ilikuwa ya udongo, imepigwa plasta ya saruji upande wa mbele tu, ule unaoonekana na wapita njia. Huko nyuma kuta zilikuwa wazi, fito zikichungulia. Baba aliijenga kwa mikono yake, siku zile anazokosa kibarua bandarini, juu ya ardhi ambayo haikuwa yake. Kwetu Mombasa jambo hilo halimshangazi mtu: nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, nawe una karatasi ya kuonyesha kwamba kuta zile ulizisimamisha wewe. Karatasi ya baba ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti changu cha ubatizo na picha yao ya arusi.

Lakini mlango! Mlango ulikuwa wa mvule, mzito, wenye kitasa cha kizamani ambacho ufunguo wake ulikuwa mrefu kama kiganja changu. Baba aliununua kisiwani, kwenye nyumba kuukuu iliyokuwa ikibomolewa, akauleta kwa mkokoteni akiwa ameukalia juu. Majirani walimcheka. Walimwambia mlango wake ni ghali kuliko nyumba. Yeye alijibu kwamba nyumba ataijenga upya polepole, itaufikia mlango. Mama alikuwa akiyasikia hayo na kutikisa kichwa, lakini nilimwona mara nyingi akiupangusa mlango ule kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupangusa meza.

Shida ilikuwa kitasa. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na mtaa mzima ulikuwa na dawa moja tu: mafuta ya nazi. Kila Jumamosi mama alichovya unyoya wa kuku katika kikombe cha mafuta, akauzungusha ndani ya tundu la ufunguo, kisha akajifuta vidole nyweleni mwangu. Kwa siku mbili kitasa kilikuwa laini. Baada ya hapo mafuta yaliganda, yakakamata vumbi la barabara, na mama akaanza kupigana na mlango, goti hapa, bega pale, ufunguo ukizunguka nusu na kukwama. "Kitasa hiki kitanitoa roho," alikuwa akisema. "Siku moja nitalala nje mimi." Nilikua nikiyasikia maneno hayo, nikaamini kwamba duniani mama hana adui mwingine ila kile kitasa.

Siku kilipogoma kabisa, mama alikuwa sokoni Kongowea, na mimi na baba tulikuwa nje, baba anatoka kazini, kashika nusu ya ufunguo mkononi. Nusu nyingine ilikuwa imevunjikia ndani. Ndipo akaitwa Fundi Athumani. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na alifanyia kazi barazani mwa duka lililokuwa karibu na barabara, ubao umefungwa jiriwa ya kubania vyuma, funguo zimetungwa kwenye waya juu ya kichwa chake. Alikuja na kisanduku chake cha mbao, akakiweka chini, akakalia juu yake. Tukadhani anapumzika.

"Haya," akasema. "Nyuma ya mlango kuna nini?"

"Vipi?" baba akauliza.

"Mie sifungui mlango wa mtu mpaka niambiwe ukifunguka nitaona nini. Nilishamfungulia mtu nyumba isiyo yake, nikiwa kijana. Sirudii, inshallah. Mwizi aujua mlango kwa nje, bwana. Wa ndani ataniambia ya ndani."

Baba akakuna kichwa. Alikuwa mtu anayetoka alfajiri na kurudi magharibi, na vitu vya nyumbani kwake viliwekwa na mtu mwingine. "Kuna... kuna sakafu," akasema. Watu waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko. Baba mwenyewe akacheka. Ndipo mimi nikasema, bila kuulizwa, kwamba mkono wa kushoto kuna pipa la maji, limefunikwa kwa sinia lenye maua mekundu, juu ya sinia kuna kikombe cha plastiki kisicho na mkono; na juu ya pipa kuna msumari, na msumarini koti la baba la mvua, la manjano, la bandarini, mfuko wa kulia umechanika.

Fundi Athumani alichukua koleo jembamba akakichokoa kile kipande cha ufunguo, akaingiza vyuma vyake viwili, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali, na mlango ukafunguka. Akachungulia. Pipa, sinia, kikombe, koti. Akaingiza mkono katika mfuko wa kulia wa koti na vidole vyake vikatokea upande wa pili. "Mashallah," akasema. "Bwana, nyumba hii si yako. Nyumba hii ina mwenyewe." Akaninyooshea kidole mimi.

Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba ile ndiyo siku niliyokuwa na furaha kupita zote za utoto wangu. Baba alinibeba mabegani mpaka dukani, akimsimulia kila tuliyekutana naye. Fundi naye, alipokuwa akichonga ufunguo mpya kwa tupa, aliniita kando akanifundisha kazi. "Mwambie mamako mafuta ya nazi ni ya nywele. Kitasa hakili nazi. Kitasa chala penseli." Akasugua ncha ya penseli kwenye meno ya ufunguo mpaka yakawa meusi, akauingiza na kuuzungusha mara tatu, na ukaenda bila sauti. Tangu siku ile kazi ya kitasa ikawa yangu. Kila Jumamosi nilisugua penseli, na shuleni mwalimu alinichapa kwa kumaliza penseli kuliko watoto wote wa darasa. Nilizipokea fimbo zile kama mtu mwenye wadhifa.

Baba alikufa kwa kifua. Alikohoa muda mrefu, akapelekwa hospitali, hakurudi. Tulimsafirisha kwao, upande wa Kaloleni, tukamzika huko, na mama akabaki hangani, maana matanga ya kwetu yana siku zake na mjane haondoki mpaka zitimie. Mimi nilikuwa na mtihani. Ikaamuliwa nirudi Junda na baba mdogo, mdogo wake baba, nikae kwa jirani yetu Mama Pendo mpaka mama aje. Ufunguo mama alibaki nao. Aliufunga kwenye pindo la leso yake, na nilipokuwa nikimuaga uligonga goti langu.

Nataka kumsema baba mdogo kwa haki, ingawa hakuna anayenilazimisha. Alikuwa mcheshi. Alinibebea mfuko wangu, alininunulia mahamri njiani, na alilia kaburini kwa machozi ya kweli. Kwa hiyo siku ya tatu, nilipotoka shuleni nikamkuta mbele ya mlango wetu pamoja na Fundi Athumani, nilikimbia kuwalaki. Mama Pendo alikuwa kazini. Fundi alikuwa amekalia kisanduku chake.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kadzo," akasema baba mdogo. "Njoo hapa, mwanangu. Mzee huyu ana maneno mengi."

"Sina maneno mengi," akasema Fundi. "Nina neno moja. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nimekwisha kukuambia. Shemeji yuko hangani. Kitasa hiki kimemsumbua miaka, kakangu Mungu amrehemu hakukibadilisha. Nataka akirudi akikute kipya, asisumbuke tena." Akanigeukia. "Au nasema uongo? Kitasa hakimsumbui mamako?"

"Chamsumbua sana," nikasema. "Alisema kitamtoa roho."

"Unasikia?"

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Nilimwona anataka kukataa. Leo naliona jambo hilo waziwazi. Wakati ule niliona tu mzee anayekawia, na nikaogopa asije akaenda zake kabla mama hajapata kitasa kipya. Baba mdogo alikuwa amejaribu kujibu lile swali la Fundi kabla sijafika, nikaja kulijua baadaye: alisema nyuma ya mlango kuna viti. Hakuwa ameingia kwetu mara nyingi.

"Haya, binti," akasema Fundi. "Nambie wewe. Nyuma ya mlango kuna nini?"

Nilisimama wima kama darasani. Nikataja pipa, nikataja sinia na maua yake, kikombe kisicho na mkono, msumari, koti la manjano, mfuko wa kulia. Nikaongeza ambayo hakuyauliza: kwamba ukisonga mbele kuna pazia la bluu, na nyuma ya pazia kitanda, na chini ya kitanda sanduku la bati. Baba mdogo alikuwa akinitazama kwa makini sana. Nilidhani anajivunia.

Mlango ukafunguka. Fundi akachungulia, akaona, akashusha pumzi. "Basi," akasema. "Mtu wa nyumba yupo." Na akaanza kazi.

Nilimshikia bisibisi. Nilimpa skrubu moja moja zikiwa zimepangwa kiganjani. Kitasa cha zamani kilipotoka, mbao iliyokuwa nyuma yake ilikuwa nyeupe, haijawahi kupigwa na hewa, na ndani ya tundu kulikuwa na utando wa mafuta ya nazi ya mama yaliyogeuka rangi ya chai. Kitasa kipya kiling'aa. Kilikuja na funguo tatu kwenye kipete. Nilitoa penseli yangu ya mtihani nikazisugua zote tatu, meno yote, Fundi akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alipomaliza alisema, "Mmoja mpe mtoto." Baba mdogo akazitia zote mfukoni. "Nitampa mamake mwenyewe mkononi," akasema, akanipapasa kichwa.

Mama alirudi siku za hanga zilipotimia, alasiri moja nilipokuwa nikitoka shuleni. Nilimwona kutoka mbali, mwembamba, amenyolewa nywele, kifurushi kichwani. Nilimkimbilia nikamshika mkono, na njia nzima nilijizuia nisimwambie, maana nilitaka auone mwenyewe. Alifika mlangoni, akafungua pindo la leso, akaingiza ufunguo. Haukuingia. Akautoa, akautazama, akauingiza tena. Akasukuma kwa goti na bega, kwa mazoea.

"Mama, ni kipya!" nikasema. Sikuweza kungoja zaidi. "Baba mdogo amekubadilishia. Usisumbuke tena!"

Aligeuka akanitazama. "Ufunguo uko wapi?"

"Anao baba mdogo."

Akarudi kwenye kitasa na ule ufunguo wake mrefu, akaugongagonga kwenye kile chuma kinachong'aa kana kwamba anabisha hodi. Na kwa kweli mlango ukafunguka, kwa ndani. Alisimama mwanamume nisiyemjua, amevaa singleti, mtoto mchanga begani. Alikuwa na adabu.

"Karibuni," akasema. "Tumehamia asubuhi hii tu. Mwamtaka nani?"

Nyuma yake niliona msumari. Hapakuwa na koti. Mama alisimama pale na kifurushi chake, kisha akamwambia yule mtu, "Samahani, baba. Tumekosea nyumba." Tukaondoka. Nilimwambia hatujakosea. Niliendelea kumwambia mpaka kwa Mama Pendo, kwamba hatujakosea, kwamba ni pale pale, hadi Mama Pendo akaniziba mdomo kwa kiganja.

Kesi ilisikizwa barazani kwa mzee wa mtaa. Baba mdogo alikuja na ile karatasi ya nyumba, iliyokuwa sandukuni, na maelezo marefu kwamba marehemu alijenga kwa jasho la ukoo na kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume hana cha kudai. Mama hakubishana na hayo. Alisema jambo moja tu, na alilisema vizuri, amesimama, leso ameifunga kiunoni: nyumba yangu ilikuwa imefungwa, ufunguo ninao huu hapa, mtu aliyeingia ameingia kwa kuvunja. Watu barazani walitikisa vichwa kumwafiki. Mzee wa mtaa naye aliinamisha kichwa, akaandika. Nadhani kwa muda ule mfupi mama alikuwa anashinda.

"Haikuvunjwa," akasema baba mdogo. "Mwiteni fundi."

Fundi Athumani alikuja akiwa ameshika kofia yake mkononi. Hakumtazama baba mdogo, alimtazama mama. "Mama, mie niliuliza," akasema. "Wallahi niliuliza, kama ninavyouliza siku zote. Mtu wa nyumba alikuwapo akajibu."

"Mtu gani wa nyumba?" mama akauliza. "Mimi nilikuwa hangani."

Yule mzee alishindwa kunyoosha kidole. Hakuwa na haja, kwa kuwa nilisimama mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mkekani miguuni pa mama, nikasikia panatajwa mahali pangu, na sitaki kujipamba: nilisimama kwa sababu nilijua jibu. Mzee wa mtaa akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaniuliza nilisema nini. Nikamwambia yote, pipa, sinia, kikombe, koti, pazia, sanduku, kwa mpangilio uleule, bila kusahau hata kimoja, na nilipofika kwenye sanduku niliona mkono wa mama umeshika ukuta.

Mzee wa mtaa akaandika kwamba mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa mbele ya mtoto wa marehemu kwa idhini yake. Mengine yaliyobaki, akasema, ni ya ukoo, yakazungumzwe nyumbani. Yakazungumzwa nyumbani, na nyumbani alikuwepo baba mdogo na ndugu zake. Mimi na mama tukavuka feri tukapanga chumba kimoja Timbwani, huko Likoni, cha mlango wa mabati, na mama akaanza kufulia watu nguo.

Nimemchukia Fundi Athumani kwa muda mrefu kuliko nilivyomchukia baba mdogo. Baba mdogo alikuwa na tamaa, na tamaa kila mtu anaijua. Fundi alikuwa mtu mwema mwenye kanuni nzuri, na aliiegemeza kanuni yake yote juu ya mtoto wa miaka tisa aliyependa kusifiwa. Angekuja siku ile bila swali lake, akavunja kwa nyundo mchana ule mbele ya majirani, mama angekuwa na la kusema. Nimelitafakari hili mara nyingi na kila mara nafika palepale, kwamba hasira zangu ni za kumtafuta mtu mwingine wa kumtwika.

Mama ni mzee sasa, bado yuko Likoni, na wageni wakija hupenda kusimulia. Jumapili iliyopita walikuja kina mama wawili wa kanisani, nami nilikuwa pale nikichambua maharagwe. Akawasimulia nyumba ya Junda, mlango wa mvule, shemeji yake. "Akauvunja," akasema mama. "Mlango wa mume wangu, akauvunja kwa nyundo." Ndivyo anavyosimulia miaka yote, na sijawahi kumsikia akisimulia vingine. Sikuinua macho. Siwezi kumwomba radhi kwa jambo ambalo kinywani mwake halikutokea.

"Ala! Na huyu Kadzo alikuwa wapi?" mmoja wa wale wanawake akauliza.

Mama hakusita hata kidogo. "Kadzo alikuwa na mimi hangani," akasema. "Alikuwa mdogo sana. Hakumbuki kitu."